Nimelipia mashine ya ovaloki, leo siku ya 24 haijafika Lamu

*Assalam aleikum. Mimi ni fundi wa nguo hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Mwezi uliopita niliona mashine ya ovaloki kwenye ukurasa wa Facebook wa duka moja la Nairobi. Tukaelewana shilingi 27,500, na 1,500 ya usafiri, nikalipa zote kwa M-Pesa kwenye nambari ya tili. Nilimwambia anitumie kwa basi, naye akaniahidi siku nne. Alinitumia picha ya risiti ya basi, nimeiambatanisha hapa. Leo ni siku ya 24. Nimevuka Mokowe mara tatu, ofisi ya basi wanasema hawajauona mzigo wangu. Muuzaji anapokea simu lakini jibu lake ni moja: yeye keshatuma, niwaulize watu wa basi, tena basi nimelichagua mwenyewe. Nikachoka, nikaandika malalamiko chini ya tangazo lake na nikaweka nambari yangu ya simu. Jioni ile ile nikapata ujumbe kwa nambari nisiyoijua, anasema ni ofisi ya mizigo, mashine imezuiwa, nilipe 2,500 iachiliwe. Aliomba picha ya kitambulisho, nikampelekea. Pesa sijampa bado. Kaka yangu anasema nitume kwa M-Pesa wanirudishie pesa zangu. Mume wangu anasema nisamehe, nimeshatapeliwa. Nina nguo za harusi mbili za watu mkononi. Je, nina haki yoyote? Nifanye nini?*

Wa aleikum salaam, dada. Nianze na la dharura, mengine yatafuata: hiyo 2,500 usiilipe. Usiilipe hata ukiambiwa mashine itapigwa mnada kesho asubuhi. Aliyekuandikia si mtu wa ofisi ya mizigo. Ofisi ikiwa ina ada inakudai, itakudai pale kaunta, mzigo ukiwa mbele yako, na itakukatia risiti. Huyu ameiona nambari yako chini ya tangazo, akamwona mtu aliyechoka kungoja, akajileta. Wapo watu wanaoamka asubuhi na kupita kwenye kurasa za maduka wakisoma malalamiko ya wateja, maana mtu aliyekwisha kupoteza 29,000 huona 2,500 ni kidogo ikiwa itamrudishia zile za kwanza. Ukilipa leo, kesho itakuwa 4,000 ya ushuru.

Kuhusu kitambulisho, usijilaumu, ila usilale kabla hujafanya haya. Badilisha PIN ya M-Pesa. Kwa kuwa laini yako ya M-Pesa ni ya Safaricom, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ikatae hapo hapo. Kisha piga *100*100# uifunge laini yako, ili mtu asiweze kwenda kwa wakala akajifanya wewe na kutoa kadi mpya ya simu yenye nambari yako. Ujumbe wa huyo tapeli upeleke 333, ni bure, halafu mfungie. Usibishane naye wala usimtukane. Na ile nambari yako pale chini ya tangazo, ifute.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Nimekusoma mara mbili, na nakuona umeyaweka mambo mawili katika kapu moja: muuzaji na huyu wa 2,500. Ukiyaunganisha unapata picha ya genge moja lililokupangia, na ndiyo maana mume wako anasema samehe. Mimi ninavyoyaona, hawa hawajuani. Yule wa pili ni mwizi, hilo halina mjadala. Wa kwanza, kwa ninayoyaona hadi sasa, ni mtu mzembe ambaye hataki kubeba mzigo wa uzembe wake. Tapeli wa kawaida hapokei simu siku ya 24.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya risiti. Nimeikuza picha uliyoniletea nikaisoma herufi kwa herufi. Muhuri wa ofisi ya Nairobi upo, nambari ya risiti ipo, na tarehe ni siku moja baada ya siku uliyolipa. Matapeli hutumia risiti moja kwa wateja ishirini, kwa hiyo tarehe huwa ya zamani au pembe yenye tarehe huwa imekatwa. Hii haikukatwa. Penye jina la mpokeaji kuna jina lako la kwanza tu. Penye "kwenda" karani ameandika LAMU kwa kalamu, lakini juu yake kuna herufi tatu ndogo, MLD, na mshale. Na penye simu ya mpokeaji, dada, hesabu mwenyewe. Mimi nimehesabu mara tatu. Tarakimu ziko tisa. Nambari ya simu hapa Kenya, ikianza na sufuri, ina tarakimu kumi. Nimeilinganisha na nambari uliyoniandikia: ile 4 ya katikati haipo.

Maana yake ni kwamba mzigo wako ukifika popote, hakuna wa kukupigia. Karani akijaribu, simu haiendi. Anajaribu mara ya pili, kisha anausogeza mzigo pembeni aendelee na foleni.

Nilikaa kaunta ya mizigo Malindi miaka sita kabla sijaingia kazi hii ya kuwasaidia wateja, kwa hiyo njia ya mzigo wa Lamu naijua kwa mikono. Mzigo haupandi Nairobi ukashuka Langoni. Kijana wa bodaboda anautoa dukani kuupeleka stendi. Karani anauandika, unapanda basi la usiku. Mara nyingi basi hilo halifiki Lamu. Mzigo hushushwa Mombasa au Malindi, ukaingia stoo, ukangoja basi la Lamu. Hapo katikati kuna zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, na aliyeupokea siye atakayeupakia. Kisha ndiyo barabara ya Garsen, Minjila, Witu, Hindi, na vizuizi vyake vya ukaguzi, mpaka Mokowe. Mvua ikizidi na Mto Tana ukifurika, njia hukatika kabisa, kama mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilipoifunika barabara pale Lango la Simba. Mokowe nako bado si Lamu: kuna boti, kuna hamali wa gatini, kuna mkokoteni au punda wa kuingia nao mtaani. Hesabu mikono hiyo. Na takriban kila mkono una daftari lake.

Zile MLD zenye mshale, kwa mtu wa kaunta, husema kitu kimoja: ushushwe Malindi, uunganishwe. Wewe umeulizia Mokowe mara tatu na Mokowe wamekujibu kweli, hawajauona. Hakuna aliyekuambia kwamba swali ulipaswa kulipeleka Malindi.

Nakumbuka kiroba kimoja cha vitambaa vya madera. Kilikaa stoo yetu wiki tisa, nyuma ya mlango. Jina na mahali viliandikwa kwa kalamu nene, herufi kubwa, lakini upande wenye maandishi ndio ulioegemea ukuta. Kila aliyeingia alikiona, kila mmoja akadhani ni cha mwenzake. Mwenyewe alikuwa mama wa Faza, amekwisha kukata tamaa na amekwisha kugombana na mtu wake wa Nairobi hadi undugu ukavunjika. Tulikigeuza siku tuliyokuja kupaka ukuta chokaa. Mashine ya ovaloki ni sanduku dogo zito, la kukaliwa na watu wanaongoja basi. Sishangai hata kidogo ikiwa iko mahali imekaliwa.

Lakini sitaki nikupe tumaini nisilokuwa na haki nalo. Inawezekana risiti ni ya kughushi kwa ustadi. Inawezekana mzigo ulifika Malindi ukachukuliwa na mwingine. Jibu liko kwenye daftari la ofisi ya basi, na kulipata ni kazi ya asubuhi moja. Kwanza piga simu ofisi ya Nairobi, kwa nambari iliyochapishwa kwenye risiti baada ya kuihakikisha kwa karani wa Mokowe, uwatajie nambari ya risiti na tarehe. Waulize maswali mawili tu: je, risiti hii iko kwenye kitabu chenu, na mzigo ulipanda gari la tarehe gani? Ikiwa haimo kitabuni, hapo nakubaliana na mume wako kwamba umetapeliwa, na njia inageuka. Ikiwa imo, mzigo ulipokewa, na kuanzia hapo kuna mtu anayewajibika.

Sasa haki yako, maana umeuliza wazi. Muuzaji anasema "basi umelichagua mwenyewe". Wengi wanaosaidia watu mitandaoni watakuambia hilo ni upuuzi, kwamba muuzaji anawajibika mpaka bidhaa iguse mkono wako. Ningependa iwe hivyo, lakini sivyo sheria inavyosema, na ni bora uujue udhaifu wako kabla yeye hajaujua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inasema kwamba muuzaji aliyeruhusiwa kutuma bidhaa akishaikabidhi kwa msafirishaji, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameikabidhi kwa mnunuzi. Ingeishia hapo, ungebaki wewe na basi.

Haiishii hapo. Sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji afanye makubaliano ya busara na msafirishaji kwa niaba yako, kulingana na aina ya bidhaa na hali ilivyo. Asipofanya, na bidhaa ikapotea au kuharibika njiani, mnunuzi ana haki ya kukataa kwamba kule kukabidhi kwa basi kulikuwa ni kukabidhiwa yeye, au amdai muuzaji fidia. Sasa rudi kwenye zile tarakimu tisa. Mtu anayetuma mashine ya 27,500 mwendo wa kutoka Nairobi hadi kisiwani, akaandika jina moja na simu isiyoita, hakufanya makubaliano ya busara. Ile 4 iliyokosekana ndiyo kesi yako. Akisema karani ndiye aliyekosea, mjibu kwamba risiti aliipokea yeye, akaipiga picha yeye, na kuisoma ilikuwa kazi yake.

La pili linalokufaa ni Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Inampa mteja aliyelipa kwa kutarajia kuletewa baadaye haki ya kuufuta mkataba ikiwa bidhaa haikuletwa ndani ya siku 30 baada ya tarehe iliyoahidiwa. Angalia hesabu, maana hapa watu wengi hukosea: siku 30 zinaanza tarehe aliyokuahidi, siyo siku uliyolipa. Alikuahidi siku nne. Leo ni siku ya 24, kwa hiyo amechelewa siku 20, na zimebaki kumi. Usimwambie leo kwamba umeufuta mkataba. Mpe hizo siku kumi kwa maandishi. Kila mtu akimpa muuzaji "wiki ya mwisho" ya kutamka kwenye simu, hakuna ushahidi. Ukiandika, siku ya kumi na moja unasimama mahali pagumu kusukumwa.

Na usidanganywe na yale maandishi madogo nyuma ya risiti za mabasi, "mzigo ni kwa dhamana ya mwenyewe" na mengineyo. Sheria ya 2012 inasema wazi kwamba haki inazompa mteja haziondolewi kwa makubaliano au kwa mteja kukubali kuzisamehe. Ofisi za mizigo hupenda kukuonyesha mistari ile kana kwamba ni aya. Isome, kisha endelea na dai lako.

Kaka yako naye ana nia njema lakini ushauri wake utakuumiza. Ile huduma ya kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 ni ya mtu aliyekosea nambari. Wewe hukukosea, ulilipa duka ulilolikusudia, kiasi ulichokikubali. Baada ya siku 24 pesa hizo hazikai zikikungoja, na mwenye tili ana haki ya kukataa. Mbaya zaidi, ukiandika leo kwamba ulituma kimakosa, kesho ukienda kudai mbele ya hakimu kwamba ulinunua mashine, utaulizwa kauli ipi ni ya kweli. Usiuchafue ushahidi wako safi kwa jambo lisilokwenda popote.

Ushahidi huo uweke sawa leo. Ule ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala, usiufute. Ikiwa mlizungumza kwa WhatsApp, angalia kama mazungumzo yamewekwa ya kujifuta. Mtu anaweza kuyaweka yafutike baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na ukaja kukuta ukurasa mtupu. Zima hilo. Piga picha ya tangazo lenyewe likiwa na bei, kabla hajalitoa. Simu uliyotumia usiiuze wala usiibadilishe hadi jambo liishe, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki mahakamani hupokewa pamoja na cheti kinachoeleza ushahidi huo ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Kisha mwandikie muuzaji. Andika kwa upole, bila laana, kitu kama hiki:

"Tarehe fulani nililipa shilingi 29,000 kwa nambari ya muamala hii, kwa mashine ya ovaloki na usafiri, ukaahidi kunifikia ndani ya siku nne. Risiti ya basi uliyonitumia ina nambari ya simu yenye tarakimu tisa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunipigia. Nakuomba uwasiliane na ofisi ya basi leo, kwa kuwa wewe ndiye mtumaji, urekebishe nambari, na unijulishe mzigo uko kituo gani. Ukishindwa kunifikishia mashine ndani ya siku kumi kuanzia leo, nitaufuta mkataba na kudai 29,000 zote."

Neno "mtumaji" nimeliweka kwa makusudi. Ofisi za mabasi, na hata Posta, husikiliza kwanza aliyetuma, kwa sababu ndiye aliyefanya nao makubaliano na kulipa. Ndivyo ilivyo hata kwa vifurushi vya kutoka nje ya nchi: dai la kutafutwa kifurushi kilichopotea huanzishwa na aliyekituma, katika posta ya kwao, na muda wake ni miezi sita tangu kiliposafirishwa. Wewe ukibisha hodi peke yako utazungushwa. Yeye akipiga simu moja kwa uzito, kitabu kinafunguliwa.

Ukimya wake au ukaidi wake ukiendelea, kuna milango, na sio yote inafaa kugongwa. Msafirishaji wa vifurushi hupaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ofisi ya basi ikikataa kabisa kukufungulia kitabu, peleka malalamiko kwao kwanza kwa maandishi, na wasipojibu uyapeleke kwa Mamlaka hiyo. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja waliodanganywa na wauzaji, bila malipo, lakini kazi yake ni kurekebisha mwenendo wa biashara, kwa hiyo usitarajie ikukimbilie kwa mashine moja kabla ya harusi zako. Mahali penye meno kwa mtu wa hali yako ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inapaswa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unajisimamia mwenyewe bila wakili. Utasema kwa Kiswahili. Masjala ya mahakama hapo Lamu watakuelekeza pa kufungua na ada yake.

Nikuambie na ugumu wake. Hukumu ni karatasi mpaka ipate mtu wa kulipa, na jina la ukurasa wa Facebook si mtu. Ile nambari ya tili ilipokuuliza uthibitishe malipo, ilikuonyesha jina la biashara, na liko kwenye ujumbe wako. Jina hilo unaweza kulitafuta kwenye usajili wa biashara kupitia eCitizen ujue mwenyewe ni nani. Likipatikana, una wa kumshtaki. Lisipopatikana na simu ikaanza kuzimwa, usihangaike na madai; hapo ni jinai. Nenda kituo cha polisi cha Lamu uandikishe ripoti na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kujipatia mali kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hadi miaka mitatu. Polisi, kwa amri ya mahakama, wanaweza kupata kwa kampuni ya simu kile ambacho wewe na mimi hatuwezi. Ila ukienda sasa, wakati muuzaji anapokea simu na risiti ina muhuri, afisa atakuambia hilo ni dai la kawaida, na atakuwa hajakosea. Jambo la yule wa 2,500 ni tofauti, hilo waandikishie hata kesho.

Kwa wengine wanaosoma waliolipa kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya Visa iliyounganishwa na M-Pesa, njia yenu ni fupi kuliko ya dada huyu: iandikieni benki au mtoaji wa kadi mkipinga malipo kwa sababu bidhaa haikufika. Kwa kadi za Visa muda huwa siku 120, na huhesabiwa tangu siku mliyotarajia kupokea. Msikae mkimngojea muuzaji aliyesema "wiki ijayo" mpaka siku hizo ziishe. Malipo ya tili hayana mlango huo, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kutolipa yote kabla kwa duka usilolijua: nusu kwanza, nusu ukishapigiwa simu na ofisi ya basi.

Turudi Malindi, dada, kwa sababu nadhani ndiko jambo lako litakakoishia. Ukiwa na mtu wako kule, mpe barua fupi ya kumruhusu, nakala ya kitambulisho chako na risiti iliyochapishwa kwa karatasi, maana karani anayeangalia picha kwenye simu huangalia sekunde tatu tu. Kama huna mtu, nakushauri ufunge kazi siku moja uende mwenyewe. Ni nauli na ni uchovu, lakini kwa simu utaambiwa "haupo" na mtu ambaye hajainuka kwenye kiti. Fika asubuhi, zamu mbili zinapobadilishana, wote wawili wakiwepo. Usiulize "mzigo wangu umefika?" Uliza, "naomba tuangalie daftari la tarehe hii, mizigo ya kuunganisha Lamu." Ukiona mstari wenye nambari yako ya risiti na nafasi ya sahihi iko tupu, mzigo uko ndani ya jengo hilo, na una haki ya kuomba kwa adabu uingie stoo na karani mtafute pamoja. Ukikuta sahihi ya mtu, omba kupiga picha mstari huo, maana hapo basi ndilo litakaloeleza lilimpa nani.

Wakiidai ada ya stoo, ilipe hapo kaunta, uchukue risiti, uiongeze kwenye dai lako kwa muuzaji. Na sanduku likitolewa, usitie sahihi kwanza. Lifungue juu ya kaunta. Zungusha gurudumu la pembeni kwa mkono uone sindano na visu vinapanda na kushuka bila kukwama, angalia kikanyagio na waya wake vimo, angalia kama plastiki imepasuka pembeni. Kilicho na kasoro kiandike kwenye daftari lao, kwa mkono wako, juu ya sahihi yako, kisha upige picha ukurasa huo. Ukishafika hapo niandikie, nitakuambia kama ya kudai imebaki.